Hatupiti, Tunavuka

Nilivumilia saa mbili na nusu. Nilivumilia kiti cha plastiki chenye mguu mmoja mbovu, nikavumilia kipaza sauti kilichokuwa kikilia kama paka aliyekanyagwa mkia, nikavumilia hata sala ya kufungulia mkutano, iliyokuwa ndefu kuliko muda tuliopewa wa kuuliza maswali. Kilichonishinda ni neno moja.

Lilikuwa baraza la chifu, hapa Miritini, kwenye uwanja wa shule. Afisa wa ofisi ya barabara, kijana nadhifu, shati limepigwa pasi hadi mikono imesimama, alikuwa akitusomea pendekezo. Barabara kuu imekwisha kupanuliwa, ni ya kisasa, na kwa hivyo mwendo unaoruhusiwa kuanzia Changamwe hadi kupita stesheni ya reli upandishwe, utoke kilomita hamsini kwa saa ufike themanini. Hamsini, alisema, ni mwendo wa mkokoteni. Halafu akageuza karatasi akasoma: "Wapita njia wanashauriwa kuongeza uangalifu."

Nikajikuta nimesimama.

"Nani amekwambia tunapita?"

"Samahani, mama?"

"Umesema wapita njia. Sisi hatupiti. Anayepita ni yule anayetoka bandarini kwenda bara. Sisi tunavuka. Nyumba ziko huku, shule iko kule. Maji huku, zahanati kule. Umetuandikia karatasi nzima na tunachokifanya hukijui!"

Watu wakacheka. Naye akacheka kidogo, cheko la adabu. "Mama, kwa heshima, hilo ni neno tu."

"Haya. Na hii nayo ni neno?"

Nikatoa mkobani chupa ya maji ya mwanangu Kadzo. Chupa ya samawati, yenye picha ya pomboo, imelala bapa kama chapati. Nikaiinua juu. Kicheko kikakatika.

Akaitazama. "Pole sana, mama. Lakini lazima tukubali barabara kuu si mahali pa mtoto."

"Kweli kabisa. Basi hamisha shule."

"Mwambie, Mama Kadzo!" wakapiga kelele kina mama waliokuwa nyuma.

Afisa akafunga faili lake. "Kama una malalamiko, yalete kwa maandishi." Alidhani amenifunga mdomo. Hakujua kwamba kidato cha nne nilipata B ya Kiswahili, na kwamba nina hasira nyingi ambazo hazijawahi kufanyiwa mtihani.

Sasa, nyinyi mabinti wawili niliokutana nanyi juzi mkiwa na barua zenu za kuombea kazi. Nasikia upande wa Junda wanaandika watu wa kushika kibao kwenye barabara inayotengenezwa. Mmoja wenu aliniuliza kama kazi ni ngumu, nikamwambia nitamwandikia. Haya ndiyo maandishi. Mkiona nimechanganya ya kazi na ya chupa, msishangae, ni jambo moja.

Mimi ni mstaafu. Kicheko chenu nakisikia. Nina miaka thelathini na mmoja na mtoto mmoja wa gredi ya pili, lakini kazi ya kibao hustaafisha mapema. Nilisimama kwenye lami miaka minane. Kisha siku moja wakaleta taa za muda, zile zenye magurudumu, zinazobadilika nyekundu na kijani zenyewe. Foromani wetu Mutua, mtu wa Machakos, mrefu, mpole, asiyejua mzaha, akanitazama, akaitazama taa, akasema: "Mama Kadzo, hii haiendi chooni." Hiyo ndiyo hotuba ya kuniaga niliyopata.

Kazi yenyewe ni hii. Barabara inachimbwa upande mmoja, magari yote yanabanwa upande uliobaki. Mtu mmoja anasimama mwanzo, mwenzake mwisho, kila mmoja na fimbo ndefu yenye kibao cha duara: upande huu chekundu, kimeandikwa STOP, upande wa pili kijani, GO. Mmoja akionyesha kijani, mwenzake ni nyekundu. Ni hivyo tu. Mtoto anaweza kuielewa kazi hii kwa dakika moja, na mtu mzima anaweza kuua watu kwa nusu dakika.

Aliyenifundisha ni Bi Mwanakombo wa Timbwani, kule Likoni. Aliposhika kibao mimi nilikuwa bado nacheza kombolela. Alivaa buibui, juu yake ile jaketi ya kung'aa, na miguuni viatu vya mwanamume vilivyomzidi namba mbili. Siku yangu ya kwanza alinikuta nimekodolea macho bamba la mbele la lori, nikisoma namba.

"Wewe ni karani wa usajili?"

"La, bibi."

"Basi mato kwenye gurudumu." Mato ndiyo macho, watu wa Mvita ndivyo wasemavyo. "Uso wa gari hukudanganya, mwanangu. Taa hukukonyeza, honi hukusalimu. Gurudumu halijui urongo. Likipunguza utaliona, lisipopunguza, toka."

Mafunzo yake mengine nawapa bure. Dereva aliyetoa kiwiko nje ya dirisha hajaamua kusimama, aliyeshika usukani kwa mikono miwili ameamua. Lori tupu ndilo la kuogopwa kwenye kona, lori lililojaa ndilo la kuogopwa kwenye mteremko. Usisimame katikati ya njia kama sanamu, simama pembeni, mguu mmoja ukiwa umekwisha kuchagua pa kurukia. Maji yako yatie chumvi kidogo. Na jua, jamani, jua! Asubuhi magari yanayotoka Mazeras kuja mjini yanaelekea mawio. Jua likiwa chini, dereva huyo hakuoni. Anaona mwanga na kivuli cha kitu, na kama ana haraka anaamua kitu hicho ni nguzo. Mimi nimepigiwa honi nikaambiwa, "We nguzo, sogea!" Nikamjibu, "Nguzo imekuona wewe!" Alikuwa hajaniona kweli.

Mambo ya kutongozwa sitayaeleza. Mtaposwa mara nne kwa siku na watu ambao gari likisonga wanasahau. Jibu la Bi Mwanakombo lilikuwa moja: "Lete wazee wako, kibao kitawapokea."

Sasa nieleze kosa langu, kwa sababu ndilo lililozaa kila kitu.

Nilikuwa na wiki mbili kazini. Nimeshika nyekundu, magari yamesimama kwangu, ya kule kwa Bi Mwanakombo yanakuja. La mbele kwenye foleni yangu lilikuwa lori la mchanga, na dereva wake mzee wa makamo ya babu yangu, kofia ya kiua kichwani. Akatoa kichwa, kwa upole kabisa: "Hujambo, mwanangu?"

Mnajua tulivyolelewa. Mimi Mrabai, nimelelewa na bibi aliyekuwa akitupiga kwa mwiko tukimwamkia mkubwa huku tumeshika kitu au tunatembea. Mkubwa akikusalimu, unaacha ulichonacho, unasimama, unainamisha kichwa. Basi nikakishusha kibao, nikainama na magoti kidogo: "Shikamoo, baba." Fimbo ikazunguka mkononi. Kibao kikawa kijani.

"Marahaba, ahsante," akasema mzee, akatia gia akaenda. Na kumi na mawili nyuma yake.

Walikutana katikati na bauza, lile lori la tangi la maji. Hakuumia mtu, lakini kwa muda wa saa nzima pale palikuwa kama harusi iliyovunjika, kila mtu ametoka nje, kila mtu anamwambia mwenzake arudi nyuma, na nyuma hakuna nafasi. Mutua aliniuliza sababu. Nikamwambia nilisalimiwa. Akaandika kwenye daftari lake la usalama: "Chanzo cha msongamano: salamu."

Nilijua nimefukuzwa. Bi Mwanakombo akaja, vile viatu vyake vikipiga kofi lami. Akanishika sikio, si kwa nguvu.

"Adabu unayo. Mahali pa kuiweka ndipo hupajui. Ndoo, nikuonyeshe." Ndoo kwao ni njoo.

Akanipeleka pembeni, akapima hatua zake mia moja kando ya njia, akaweka pipa jekundu huku, jingine kule. Lori likija likafika pipa la kwanza, akaanza, polepole, kama vile tunavyosalimiana watu wa pwani, bila kumeza herufi: "Shikamoo, mama. Marahaba, mwanangu, hujambo? Sijambo, alhamdulillahi." Neno la mwisho likaisha na lori likawa ndiyo kwanza linafika pipa la pili.

"Huyu ni wa hamsini. Ana adabu, ameiacha salamu ikaisha."

Likaja gari dogo. "Shikamoo, mama. Marahaba, mwanangu, hujam—" Fyuu! Limepita.

"Na huyu?"

"Amekata."

"Wa themanini. Akikukatia hapo usingoje kuona kama atasimama. Ruka, utasalimia ukiwa hai."

Nilicheka, nikadhani ni mzaha wa bibi. Nikaja kujua ameipima na polisi wa trafiki waliokuwa na ile mashine ya kumulika mwendo, wiki nzima, mpaka polisi mwenyewe akachoka akamwambia, "Mama, mimi nimulike nini na wewe unajua?" Kwa hatua zake mia, salamu nzima ni hamsini. Ikikatika kwenye hujambo, ni themanini. Ikikatika kwenye marahaba, mwombee Mungu huyo dereva, na wewe jiombee zaidi.

Tangu siku ile sikusimama barabarani bila kusalimu kimoyomoyo. Mimi Mkristo, mwimbaji wa kwaya, siku nzima namaliza kwa alhamdulillahi, kwa sababu hiyo ndiyo mita yenyewe ilivyo na mita huibadilishi. Likawa neno letu la kazi. Gari zuri ni la alhamdulillahi. Gari baya tunapigiana kelele: "Hujam! Hujam!" na kila mtu anaruka mtaroni. Mutua, maskini, alidhani ni Kiarabu. Aliwafundisha wafanyakazi wapya kwa uso mkavu kabisa: "Ukisikia hujam, maana yake ni hatari kubwa." Hatukumsahihisha. Na kwa kweli alikuwa sahihi.

Kabla sijapumzika kwenda kumzaa Kadzo, nilishika kibao hadi mimba ilipofika miezi saba. Hapo niliona jambo ambalo hakuna mkutano utakaoliandika. Kila tumbo lilivyokua, ndivyo magari yalivyopunguza mapema zaidi. Madereva walewale, barabara ileile, kibao kilekile. Mwezi wa saba kila gari lilikuwa la alhamdulillahi, mengine nilimaliza salamu nikaulizia na watoto na mifugo. Nikajifunza kwamba dereva hapunguzi kwa sababu ya kibao. Hupunguza akimwona mtu. Na mtu haonekani kwa mwendo wa themanini, machoni anakuwa sehemu ya kando ya barabara, kama jiwe la maili.

Ndiyo maana sitawaambia uongo kwamba mwendo ni dhambi. Kwenye lile baraza alisimama dereva wa trela, taulo begani, akasema: "Kina mama, mimi natoka bandarini na kontena, naambiwa hamsini mpaka nje ya mji, barabara njia nne, tupu. Kwa nini?" Ana haki. Ukipita stesheni ya reli kwenda juu, barabara ina uzio pande zote, na kuna daraja la miguu. Hapo hakuna anayevuka chini. Hapo wapandishe, wafanye hata mia, mimi nitawapigia makofi. Barabara ya kupita, ipitwe. Lakini kituo chetu cha Kwa Mabati, kilichoitwa hivyo kwa ua wa mabati uliokuwapo, kina nyumba upande mmoja na shule upande wa pili, na katikati njia nne na ukingo mwembamba wa kupumzikia. Hiyo ni barabara ya kuvuka. Huwezi kuzipa sheria moja kwa sababu lami yake ni rangi moja.

Afisa alisema pia kwamba madereva wengi hapo wanakwenda themanini tayari, kwa hivyo sheria itafuata hali ilivyo. Hili ndilo lililonichoma zaidi. Kama kila mtoto anamjibu mamake kwa ufidhuli, tuandike kitabu kipya cha adabu? Na mimi ni mtu wa vibao, najua dereva anavyosoma kibao. Ukimwandikia hamsini anasoma sitini. Ukimwandikia themanini atasoma nini?

Sasa, chupa.

Tangu taa za Mutua zinistaafishe, nauza viazi karai kwenye lango la shule. Wiki mbili kabla ya baraza, asubuhi, nilikuwa navuka pale Kwa Mabati na sufuria yangu mikono miwili, Kadzo ameshika pindo la leso yangu, mkono wa pili ana chupa yake. Tulikuwa tumefika njia ya pili. Ng'ambo alisimama mwalimu wake, mwalimu mzuri, anayewapenda. Akapunga mkono: "Kadzo! Hujambo?"

Mwanangu akaiachia leso. Akasimama pale pale katikati ya njia, visigino pamoja, kichwa chini, kama nilivyomfundisha mimi na kama nilivyofundishwa na bibi yangu. "Shikamoo, mwalimu."

Mimi nilikuwa nimekwisha kuanza kuhesabu. Kichwa changu huhesabu chenyewe, hata nikiwa ndotoni. Gari dogo jeupe, kutoka upande wa Mazeras, jua usoni mwake. Shikamoo, mama. Marahaba, mwanangu. Hujam. Miaka minane nimelipiga kelele neno lile kwa ajili ya watoto wa watu. Siku ile, sufuria mikononi, halikutoka.

Gari liliyumba. Upepo wake ulimsukuma Kadzo akakaa kitako, chupa ikamtoka, tairi la nyuma likaikanyaga. Dereva alipiga honi, tena alipiga akiwa amekwisha kupita, kana kwamba mtoto ndiye aliyechelewa. Viazi vilikuwa njia nzima. Nilimbeba mwanangu kwa shati, kama paka abebavyo mtoto, hadi ng'ambo. Hakulia. Aliniuliza: "Mama, nimekosa adabu?"

"Hujakosa, mwanangu. Umeiweka mahali pasipo adabu."

Nilipomaliza kusema ndipo nikakumbuka nani aliniambia maneno yale kwanza, na kwamba mimi nilipewa mapipa mawili na funzo, kosa likasameheka. Kosa lilelile la mtoto wangu lilikosa kwisha vibaya kwa upana wa chupa. Nyumbani sasa kuna sheria mpya: salamu humalizwa ng'ambo. Bibi yangu angenipiga mwiko. Lakini bibi yangu hakuwa na njia nne mlangoni.

Basi baada ya baraza nilimpigia simu Bi Mwanakombo.

"Bado unazo zile hatua mia?"

"Magoti yamezeeka, mwanangu. Hatua ni zile zile."

Akavuka feri kutoka Likoni, akaja na fimbo ya kutembelea na vile viatu vyake. Asubuhi tatu tulisimama Kwa Mabati, kuanzia saa kumi na mbili na nusu. Alipima hatua mia toka kivukoni kuelekea Mazeras, zikaishia kwenye nguzo ya taa, tukaifunga kitambaa chekundu. Gari likifika kwenye kitambaa, yeye anaanza "Shikamoo, mama" kwa sauti, na Kadzo, pembeni kabisa kwenye mchanga, nje ya barabara, anatembea upana wa njia mbili tulizochora kwa kijiti. Mtoto wa gredi ya pili, na mkoba wa vitabu. Mara ya kwanza tulitazamana mimi na Bi Mwanakombo, tukarudia, tukarudia tena, ikatoka ile ile: Kadzo anamaliza njia ya pili penye alhamdulillahi. Si kabla. Na penye "hujam" yuko katikati ya njia ya pili, pale pale alipokuwa siku ya chupa.

"Subhanallah," akasema Bi Mwanakombo. Akamshika Kadzo mkono, tukarudi nyumbani kunywa chai.

Ofisini kwao mjini nilimkuta karani mzee, kofia kichwani, miwani imefungwa uzi. Akaisoma barua yangu hadi katikati, akasita.

"Binti, hapa kwenye kipimo umeandika nini? Salamu?"

"Ndiyo, baba. Salamu."

"Ni mita ngapi hiyo?"

"Shikamoo, baba."

Akaniangalia, kisha akajibu kama watu wetu wajibuvyo, hakupunguza kitu. "Marahaba, mwanangu, hujambo?"

"Sijambo, alhamdulillahi. Hiyo ndiyo."

Alivua miwani. Akaisoma barua upya, toka juu, sasa midomo ikicheza, na nilijua amefika kwenye nguzo kwa sababu midomo ilisimama. Hakuniuliza tena habari ya mita. Akauchukua muhuri, akagonga barua, akagonga nakala yangu. Halafu akaiona chupa.

"Na kielelezo hiki nikigonge wapi?"

"Popote, baba. Yote ni bapa."

Akaigonga juu ya pomboo. Mabinti, kazi mtakayoipata ni ya kusimama na kuonekana. Msimsikilize anayewaambia mnachofanya ni kushika fimbo tu. Mjue mnachopima, mkijue kwa maneno yenu, na siku mtu mwenye faili akiwaambia mlete kwa maandishi, pelekeni. Hii hapa nakala, kama ilivyopokelewa.

*Kwa Mkuu wa Ofisi ya Barabara.*

*KUH: MALALAMIKO DHIDI YA KUPANDISHWA KWA MWENDO HADI KILOMITA THEMANINI KATIKA KITUO CHA KWA MABATI, MIRITINI*

*Mimi ni mzazi na mkazi wa Miritini, na mshika kibao mstaafu. Nalalamika kwa sababu pendekezo lenu linatutaja kama wapita njia. Hatupiti. Tunavuka, asubuhi na alasiri, na wengi wetu ni watoto wa shule.*

*Nimepima. Gari linalokwenda hamsini, kutoka nguzo ya taa yenye kitambaa chekundu hadi kivukoni, huchukua salamu moja kamili ya mkubwa na mtoto. Mtoto wa gredi ya pili huvuka njia mbili kwa muda huo huo, bila ziada. Gari linalokwenda themanini huikata salamu kwenye neno hujambo, na wakati huo mtoto yuko katikati ya njia ya pili. Asubuhi, magari yanayotoka Mazeras huwa na jua usoni, na madereva hawatuoni.*

*Sipingi mwendo kupandishwa kutoka stesheni ya reli kwenda juu, penye uzio na daraja la miguu. Naomba hamsini ibaki Kwa Mabati na isimamiwe, na isiguswe hadi nasi tuwe na daraja la miguu. Naomba pia neno wapita njia liondolewe kwenye karatasi yenu, liandikwe wavukao.*

*Kama kipimo changu kinatiliwa shaka, namwalika afisa aliyesoma pendekezo aje Kwa Mabati siku yoyote ya shule, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Gari la kwanza la themanini likifika kwenye kitambaa, ashuke barabarani kwa mwendo wa mtoto, na mimi nitakuwa ng'ambo ya njia ya pili nikimwamkia. Akifika alhamdulillahi akiwa upande wangu, nitayaondoa malalamiko haya kwa mkono wangu mwenyewe. Akiona bora asishuke, basi amekwisha kunijibu, na naomba jibu hilo liandikwe.*

*Kielelezo: chupa moja ya maji ya mtoto.*

*Ni mimi, avukaye,*
*Mama Kadzo.*